Krediti za chuo cha Marekani kwa njia ya mtihani, kwa sisi wa Nairobi

Wenye mdogo wenu amepata nafasi chuo Marekani, ama wewe mwenyewe unasoma onlaini na chuo cha huko, someni hii polepole maana kuna pesa nyingi tunalipa na hatukufaa kulipa. Digrii ya kwanza ya kule huwa kama krediti 120 (krediti ni kipimo cha masomo uliyomaliza), kozi moja mara nyingi ni krediti 3, na kila krediti ina bei yake. Sasa kuna mitihani ukiipita chuo kinakuandikia krediti za ile kozi bila kukanyaga darasa. Mmoja wao unaojulikana sana ni CLEP, ya College Board, shirika la Marekani, walewale wa SAT, ule mtihani wa kuingia chuo, imekuwepo tangu 1967 na ina masomo 34. Mtihani mmoja ni karibu dola 100, tuseme elfu kumi na tatu hivi za kwetu, halafu kituo nacho huongeza ada yake. Weka hiyo kando ya karo ya kozi moja tu uone.

Lakini kabla hujatoa hata shilingi, andikia ofisi ya msajili (registrar) ya chuo chako. Nasisitiza hapa kwa sababu hapa ndipo watu wanaumia. Binamu yangu alijisomea miezi miwili, akalipa, akapita vizuri tu, kumbe chuo chake kinaihesabu ile kozi kama somo la hiari na masomo ya hiari alikuwa ashamaliza, kwa hiyo zile krediti zikakaa tu kwenye transkripti, ile rekodi ya masomo yake, hazimsaidii kitu. Alinipigia simu akiwa stejini na sauti imeisha. Kwa hivyo uliza hivi: mnakubali CLEP za masomo gani, mnataka alama ngapi, itachukua nafasi ya kozi gani kwenye programu yangu mimi, na mwisho ni krediti ngapi mnaweza kunipa kwa mitihani. Alama zinaenda 20 mpaka 80, na baraza la elimu la kule, ACE, linapendekeza 50, lakini chuo kiko huru kudai zaidi ama kukataa kabisa. Jibu likuje kwa imeili, si kwa simu, na uitunze.

Ukishajua wanakubali nini, chagua somo ambalo ulishalisoma. KCSE yenyewe kwa kawaida haikupi krediti, ila kile kichwa kilishika Fomu Tatu na Nne bado kiko na wewe. Mwenye alikuwa sawa kwa hesabu aanze na College Algebra, wa biashara aangalie Financial Accounting ama Principles of Management, na kama ulifanya Kifaransa ukakipenda usikiache, maana ukifika 50 tu ACE inapendekeza krediti 6. American Government na historia ya Marekani ningeziacha mwisho, hizo ni za mtu aliyekulia huko.

Nilikaa na mpwa wangu pale mezani kwao Umoja akijaribu maswali ya College Algebra. Swali la kwanza akakwama, swali la tatu akakwama, akaanza kusema yeye hesabu za chuo haziwezi. Nikaangalia: swali linauliza "slope". Nikamwambia hiyo ni gradient, ile ile mliyochora kwa grafu Fomu Two. Akacheka, akaifanya kwa nusu dakika. Basi tukakaa tukaandika orodha kwa karatasi, indices wao wanaita exponents, surds ni radicals, na kutoka hapo mambo yakaanza kusonga. Kwa hivyo wiki ya kwanza usisome hesabu, soma majina yao.

Vitabu usinunue. Kwenye mtandao OpenStax wana vitabu vya chuo vya bure, Khan Academy ni bure, na Modern States wana kozi zimepangwa kufuata CLEP, bure pia. Nyumbani kukiwa na kelele nenda Maktaba Kuu ya KNLS, ubebe daftari.

Kujisajili: unafungua akaunti College Board, unalipa kwa kadi (kama huna ya benki, ile kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay ifungue), unapewa tiketi ya mtihani, halafu wewe mwenyewe unatafuta kituo kwenye orodha yao na kuomba tarehe. Ongea na kituo kwanza kabla ya kulipa. Jina liwe vile vile liko kwa pasipoti, na uandike chuo chako hapo hapo kwenye fomu kwa sababu kutuma alama baadaye utalipia. Mitihani mingi ni dakika 90 kwa kompyuta. Jibu lisilo sahihi halikati alama, basi usiache swali wazi. Ukianguka unangoja miezi mitatu.

Sasa hii ingine ndiyo naipenda zaidi na watu wetu wengi hawajaisikia. CLEP haina Kiswahili, lakini kuna mtihani wa kuongea unaitwa OPI, wa ACTFL, chama cha Marekani cha walimu wa lugha, na Kiswahili kimo. Ni mazungumzo ya simu na mtu aliyefunzwa kupima, kama dakika 15 hadi 30, inarekodiwa, na kuna vyuo vinatoa krediti za lugha kwa daraja utakalopata. Uliza mapema, maana vyuo vingine havitoi krediti kwa lugha uliyozaliwa nayo. Usidhani utapita tu kwa vile tunakiongea kila siku kwa matatu. Anayekupima anataka usimulie kisa kwa aya nzima, jana, leo na kesho, na ukitaka daraja la juu anataka utetee maoni yako na uongee mambo ya kama-ingekuwa. Sisi wa Nairobi tunaanza sentensi kwa Kiswahili tunamalizia kwa Kiingereza bila kujua. Chukua Taifa Leo, soma tahariri, funga gazeti, kisha ipinge kwa sauti dakika tano bila neno la Kiingereza. Jirekodi kwa simu. Siku ya kwanza utashtuka, siku ya kumi utajisikia tofauti kabisa.

Kama una A-Level ama IB tayari (mitihani ya mitaala ya nje), usifanye mtihani mwingine kabla ya kuuliza, vyuo vingi hutoa krediti kwa matokeo mazuri ya hizo.

CLEP nyingi alama inatokea kwa skrini ukimaliza tu. Ngoja wiki kadhaa, ingia kwenye potali ya chuo uangalie kama krediti zimeingia na zimeingia kwa kozi gani. Kama hazipo, fungua ile imeili uliyotunza na uwarudishie.