Namna ya Kupambanua Mchango wa Jiografia na wa Taasisi katika Uchumi wa Mkoa

Mwanafunzi au afisa mipango anayetakiwa kueleza kwa nini mkoa wake umestawi au umebaki nyuma hukimbilia ama ramani ama serikali: tuko mbali na bahari, au viongozi hawakutujali. Wanauchumi wenyewe wanavutana. Daron Acemoglu, Simon Johnson na James Robinson walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2024 kwa utafiti wao wa jinsi taasisi, yaani sheria na taratibu za kuendesha jamii, zinavyoundwa na zinavyoathiri ustawi wa nchi, ilhali Jeffrey Sachs na wenzake hushikilia kwamba tabianchi, magonjwa na umbali na pwani vina uzito wake. Kwa kazi ya ngazi ya mkoa si lazima uchague upande. Kinachotakiwa ni ulinganisho uliochaguliwa vizuri, na Kigoma pamoja na jirani yake Tabora inatoa mifano ya kutosha.

Anza na sehemu mbili zilizo karibu ambazo bahati zao zilipishana. Ujiji na Kigoma mjini ziko kwenye mwambao mmoja wa Ziwa Tanganyika, kwa umbali wa kilomita chache tu. Katika karne ya 19, Ujiji ndio uliokuwa kituo kikuu cha ziwani cha misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora, na kwa kuwa mitumbwi na majahazi hayakuhitaji maji ya kina kirefu, ufuko wake wa wazi haukuwa kasoro. Wajerumani walipofikisha Reli ya Kati ziwani mwaka 1914 walitaka ghuba yenye kina na iliyokingwa na mawimbi, wakaipata Kigoma. Bandari, stesheni na ofisi zikakaa huko, na biashara ikazifuata. Wengi huandika kwamba reli ndiyo iliyoijenga Kigoma, wakaishia hapo. Lakini ghuba hiyo ilikuwapo muda wote, na haikuwa na thamani kubwa ya kibiashara mpaka dola yenye mtaji na meli kubwa ilipoihitaji. Kwa hiyo kila unapotaja sifa ya kijiografia, andika pembeni yake ni lini ilianza kuleta faida, na ni kwa uamuzi wa nani.

Hatua inayofuata ni kushika eneo moja na kuangalia taratibu zilizopita juu yake. Urambo, mkoani Tabora, inafaa sana. Mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ulipangwa London kwa pupa, matrekta yakatangulia uchunguzi wa kutosha wa udongo na mvua. Baadaye tumbaku ikashamiri katika ardhi hiyohiyo, kwa sababu udongo wa kichanga wa miombo uliifaa na kuni za kukaushia zilikuwa karibu. Ukikomea kwenye udongo, hata hivyo, hutaelewa kipato cha mkulima. Yeye hulima kwa mkataba, huchukua pembejeo kwa mkopo kupitia chama chake cha msingi cha ushirika (AMCOS), na deni hukatwa tumbaku inapouzwa. Uliza basi ni nani anayepanga daraja la jani, na deni la mwanachama aliyeshindwa kulipa huangukia nani. Kwa maoni yangu maswali haya mawili yanaeleza mengi kuliko kipimo chochote cha rutuba. Usisahau kwamba mabani, yaani majengo ya kukaushia tumbaku, nayo hula miti, kwa hiyo utaratibu wa soko hurudi na kuibadilisha jiografia iliyouzaa.

Katika kukusanya takwimu, tenga mapema yale yanayotokana na maumbile na yale yanayotokana na amri. Bei ya dagaa katika mwalo wa Kibirizi, mjini Kigoma, hupanda wakati wa mbalamwezi, kwa kuwa uvuvi wa taa unahitaji giza. Bei hiyo iliathiriwa pia na uamuzi wa serikali wa kusitisha uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Asiyeweka tarehe za mwezi na za katazo katika safu mbili tofauti atachanganya sababu zote mbili.

Mwisho, jaribu njia hii kwa jambo ambalo bado halijatimia, kama reli ya kisasa inayojengwa kati ya Tabora na Kigoma. Usianze na kasi ya treni. Tafuta kwanza nani anamiliki ardhi inayozunguka stesheni zilizopangwa, halmashauri ipi itatoza ushuru wa mazao yatakayopakiwa hapo, na mfanyabiashara wa Kongo au Burundi atapitia madawati mangapi kabla mzigo wake haujavuka ziwa.