Kwaresima visiwani: jinsi ya kupanga safari ya picha Ssese wakati wa mvua

Kwaresima ikianza, harusi za kanisani hapa Kampala hupungua sana, na sisi tunaoishi kwa kamera tunabaki na kalenda tupu. Wenzangu wengi hutumia majuma hayo kumaliza albamu zilizochelewa. Mimi hufunga mkoba nikaelekea Kalangala, kwenye visiwa vya Ssese ndani ya Ziwa Viktoria. Watu hunishangaa: visiwani, mvua ikinyesha? Mvua ndiyo ninayoifuata. Desemba ufukwe wa Lutoboka hujaa spika na wacheza mpira wa mchangani, na mbingu juu yao ni nyeupe tu. Machi na Aprili mawingu yanapanda ziwani hadi unaona kilele na kitako chake, na chumba cha wageni unakipata kwa bei ya kuelewana.

Kabla ya kutafuta chumba, tazama mwezi. Picha kubwa ya Ssese usiku ni taa za wavuvi wa dagaa, na dagaa huvuliwa siku za giza, kwa sababu mbalamwezi hushindana na taa. Hapa kalenda ya kanisa inakusaidia: Pasaka ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaotokea tarehe 21 Machi au baada yake. Kwa hiyo giza huangukia wiki mbili hadi tatu kabla ya Pasaka, mwaka wowote ule. Kama una kalenda ya Kiislamu ukutani, chukua siku za mwisho wa mwezi na zile za mwanzo wa unaofuata. Siku hizohizo ndipo sami hutoka ziwani kwa wingi, wadudu wadogo wasiouma, wakipanda juu ya maji kama nguzo za moshi. Wapige wakiwa mbali, jua likiwa nyuma yao. Wakikufikia, funika lenzi na ufunge mdomo.

Njia ni mbili. Meli ya MV Kalangala huondoka Nakiwogo, Entebbe, saa nane mchana na kufika Lutoboka baada ya mwendo wa saa tatu na nusu hivi. Kurudi ni saa mbili asubuhi. Piga simu kuulizia kabla hujatoka nyumbani, maana meli huenda matengenezo. Njia ya pili ni kupitia Masaka hadi Bukakata, ambako feri ya bure inakuvusha hadi Luku pamoja na gari au boda. Kutoka Luku hadi mji wa Kalangala bado una zaidi ya kilomita 30. Mimi napenda kwenda kwa meli, nikae sitaha ya juu na kuona visiwa vinavyojitokeza kimoja kimoja, kisha nirudi kwa Bukakata. Acha siku moja tupu mwishoni mwa safari. Wimbi la msimu huu halijali kwamba Jumamosi una kazi ya kwanjula (sherehe ya kutambulisha mchumba kwa wazazi) Mukono.

Sasa saa za mvua, kwa maana bila kuzijua utalala wakati wa picha. Bara, mvua yetu ni ya alasiri. Ziwani mambo hugeuka. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, upepo hutoka pande zote kuelekea ziwani, hewa inakutana katikati na kupanda, radi zinaanza. Dhoruba nyingi huvuma kati ya usiku wa manane na alfajiri, na upande huu wa magharibi wa ziwa ndio unaopokea sana. Mvua ikikatika karibu na mapambazuko, hapo jua linachomoza chini ya wingu lililo jeusi bado. Mwanga huo haudumu. Tuko karibu kabisa na ikweta, jua linapanda wima, na kutoka mwanga hafifu wa alfajiri hadi jua kuchomoza ni kama dakika ishirini. Kwa hiyo saa kumi na mbili alfajiri uwe umesimama pale unapotaka kupigia, tripodi imefunguliwa, fokasi imeshapangwa. Mahali penyewe ulipachagua jana mchana.

Kwa radi, simama chini ya paa na upigie kutoka barazani. ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) 200, tundu la lenzi f/8, shata wazi sekunde 10 hadi 15, rudia bila kuchoka. Ukiona mwako, hesabu sekunde hadi ngurumo. Tatu ni kilomita moja. Zikipungua chini ya 30, rudi ndani, hata kama wingu ni zuri namna gani. Taa za wavuvi nazo zinataka shata fupi zaidi, sekunde mbili au tatu na ISO ya juu, kwa sababu mitumbwi inayumba.

Bugala, kisiwa chenye Lutoboka na mji wa Kalangala, ndicho kikubwa kuliko vyote kati ya visiwa 84 vya Ssese, na sehemu kubwa ya misitu yake sasa ni mashamba ya michikichi. Usipoteze siku humo. Nenda kwenye mwambao. Mwaka 2020, na tena 2024, ziwa lilipanda kupita rekodi ya miaka ya 1960, likameza fukwe na kuua miti iliyokuwa nchi kavu. Mashina yaliyosimama majini ndiyo picha ninayoirudia kila safari: mnandi wakianika mabawa, mdiria akining'inia hewani kabla ya kupiga mbizi, tai mla samaki juu ya tawi la mwisho. Kwa tai tumia shata ya 1/1600 ya sekunde au ya kasi zaidi, na usimrushie samaki ili aje.

Mwaloni, pale wavuvi wanapotia mitumbwi yao, ndiko moyo wangu ulipo. Dagaa wakiwa wameanikwa juu ya nyavu, wingu likija, kina mama, watoto na wapita njia hukimbilia nyavu pamoja, wanakunja na kubeba, na kwa dakika chache hakuna anayekutazama wewe. Lakini usianze hapo. Anza kwa mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa), umweleze wewe ni nani na picha ni za nini. Mwaloni watu wametoka kila pembe, na Kiswahili kinafungua mlango kuliko Kiingereza. Mkubwa mwite mzee, mama mwite mama, keti, kunywa chai, kamera ikiwa begani imefungwa. Wavuvi wana sababu ya kuogopa picha, kwani jeshi limekuwa likikagua nyavu na mitumbwi, na picha yako inaweza kumfikisha mtu pabaya. Askari usiwapige kabisa. Droni iache nyumbani kama huna kibali. Ukifika kisiwa cha Bubembe, kwenye hekalu la Mukasa, mungu wa ziwa katika imani ya jadi ya Waganda, waulize walinzi wa mahali hapo kwanza, vua viatu wakikuambia, na wakikataa picha, zima kamera na usikilize maneno yao. Na picha ulizoahidi zichapishe, uzipeleke.

Mtumbwi wa kwenda visiwa vidogo kodi asubuhi baada ya dhoruba, ziwa likiwa limetulia, na rudi mapema. Jaketi la kuokolea livae, usilikalie. Nahodha akisema leo hapana, usimwongezee pesa. Na usiingie majini kutafuta pembe nzuri: ziwa lina kichocho, na wadudu wake wako palepale penye kina kifupi na majani. Vaa mabuti, au piga ukiwa juu ya jiwe.

Vifaa si vingi. Lenzi pana moja, lenzi ndefu moja, kichujio cha kupunguza mng'ao wa maji, betri za akiba, mfuko usiopitisha maji unaofungwa kwa kukunjwa, taulo mbili, chandarua. Pesa taslimu beba, mtandao wa simu hupotea visiwa vya mbali.

Kinachoua lenzi msimu huu ni unyevu zaidi ya mvua yenyewe. Kila usiku futa kila kitu, kiweke ndani ya chombo cha plastiki chenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya. Ukifika nyumbani usiviache mkobani hadi harusi ya kwanza baada ya Pasaka. Vitoe siku hiyohiyo, fungua vifuniko, viweke penye hewa na mwanga, na mkoba wenyewe uanike juani, kwa sababu ukungu huanzia kwenye kitambaa chake.