Jinsi ya kuendesha na kusimamia riakta ya utafiti ya chuo kikuu, hatua kwa hatua

Wadau, huu ni mwongozo kwa anayeanza zamu zake za kwanza kwenye riakta ndogo ya utafiti, zile za bwawa wazi ambazo ukisimama juu unaona kiini chini kabisa ndani ya maji kinang'aa bluu, na pia ni kwa msimamizi anayekaa naye. Nitatumia mfano wa TRIGA, aina mojawapo ya riakta hizi, kwa sababu ndo imeenea sana vyuoni tangu ya kwanza iwashwe mwaka 1958, ila mengi yanafanana hata kwenye aina zingine. Taratibu zilizoandikwa za kituo chako na masharti ya leseni yenu vinatangulia chochote nitakachosema hapa. Kitu kimoja tu nataka ukishike kwenye kila hatua: kabla hujagusa chochote kinachoweza kubadilisha idadi ya nyutroni, uwe umeshaandika unategemea kuona nini, na ukiona tofauti unasimama.

Hatua ya 1: Elewa nani anakupa muda

Atomu ya uraniamu ikipasuka, karibu nyutroni zote zinatoka palepale. Sehemu ndogo sana, kama asilimia 0.65 kwa uraniamu-235, inachelewa, zingine sekunde chache zingine karibu dakika nzima, na hizo za kuchelewa ndo zinafanya mtu mwenye mikono na macho ya kawaida aweze kuendesha kinu hiki. Ukiongeza reaktiviti, yani kipimo cha jinsi mipasuko inavyoelekea kuongezeka au kupungua, ikafikia kiasi sawa na hiyo sehemu inayochelewa, opereta tunasema umeongeza dola moja, na ikigawanywa kwa mia ni senti. Kuanzia dola moja kwenda juu riakta haisubiri tena zile za kuchelewa, nguvu inapanda haraka kuliko mtu yeyote anavyoweza kufikiria.

TRIGA ina kinga yake ndani ya fueli yenyewe. Uraniamu imechanganywa na zirikoni yenye haidrojeni, kwaiyo fueli ikipata joto ile haidrojeni inazipa nyutroni kasi zaidi na mipasuko inapungua yenyewe ndani ya sehemu ya elfu ya sekunde, kabla hata fimbo za kudhibiti, zile zinazomeza nyutroni, hazijaanza kudondoka. Ni dizaini nzuri mno. Lakini inalinda fueli, haimlindi mtu anayetoa sampuli kali bwawani bila kipimo mkononi.

Hatua ya 2: Ukaguzi kabla ya kuwasha

Zunguka kwa miguu. Kina cha maji, joto la maji, pampu, feni za hewa, vipima mionzi vyote ukivijaribu na chanzo kidogo cha majaribio uone vinalia kweli, alafu jaribu skramu, ule uzimaji wa ghafla, kwenye kila chaneli ya vipimo, yani ulazimishe ishara ya hatari uone fimbo zinaachiwa. Chaneli moja ikigoma, hakuna kuwasha siku hiyo mpaka irekebishwe na ikaguliwe, ata kama watafiti wamepanga foleni mlangoni.

Kwenye chekilisti andika namba, usiweke tiki. Chukua mfano wa upitishaji umeme wa maji: riakta nyingi zina kikomo cha maikrosimensi 5 kwa sentimita, sasa wiki hii ukasoma 0.8, inayofuata 1.1, inayofuata 1.6, zote zingepewa tiki ya kijani ila namba zinakwambia kichujio cha resini kinachoka au kuna kitu kimeingia bwawani. Maji machafu yanakula alumini, na uchafu wenyewe unageuka kuwa na mionzi ukipita kwenye kiini.

Hatua ya 3: Tabiri mahali fimbo zitakapofika

Hapa ndo pa kutulia. Kabla ya kuvuta fimbo yoyote, opereta anakokotoa riakta itafika kritikali, yani mipasuko ijiendeleze yenyewe bila kupanda wala kushuka, fimbo zikiwa wapi. Anaangalia mara ya mwisho ilifika kritikali zikiwa wapi, tangu hapo kuna fueli iliyohamishwa, kuna jaribio limeingizwa au kutolewa, joto la maji likoje, na ksenoni ikoje.

Ksenoni-135 inameza nyutroni vibaya sana. Inazaliwa na ayodini-135 ambayo nusu-maisha yake, yani muda wa nusu yake kuisha, ni kama saa 6.6, wakati ksenoni yenyewe ni kama saa 9.2, kwaiyo baada ya kuzima riakta iliyokuwa kwenye nguvu kubwa, ksenoni inaweza kuendelea kuongezeka kwa saa kadhaa ndo ianze kupungua. Kwenye riakta ya kilowati chache hutaiona, ila kwenye ya megawati 1 iliyofanya kazi wiki nzima, Jumatatu asubuhi baada ya wikiendi ya kupumzika fimbo hazitakuwa mahali pamoja na zilipokuwa Alhamisi.

Msimamizi akokotoe kivyake, asiangalie karatasi ya opereta. Wakitofautiana wanatafuta sababu kwanza. Na kikomo cha tofauti kiandikwe mapema: tukifika sehemu fulani bila kritikali, au tukifika kritikali mapema kuliko sehemu fulani, fimbo zinarudi chini. Kikomo kikiwekwa wakati watu washaanza kuvuta fimbo, kila mtu atakivuta kielekee anachotamani.

Hatua ya 4: Kuwasha

Chanzo cha nyutroni kiwepo, mara nyingi ni amerikiamu na beriliamu, na kipimo kisome hesabu za kutosha, riakta nyingi zina kizuizi kinachokataa fimbo kuvutwa kama hesabu ziko chini. Usikipite hicho kizuizi. Bila hesabu za kutosha unaendesha bila macho.

Vuta kidogo, simama, subiri hesabu zitulie. Kadiri unavyokaribia kritikali zinachukua muda mrefu zaidi kutulia, na wengi wanakosa uvumilivu hapahapa. Kama fueli au mpangilio wa kiini umebadilishwa, chora grafu ya kinyume cha hesabu, yani moja gawanya kwa hesabu, dhidi ya fueli uliyoongeza au mahali pa fimbo. Mstari unashuka kuelekea sifuri na pale unapoelekea kugusa ndo utabiri wako mpya, na unauchora upya baada ya kila hatua.

Ukishapita kritikali angalia piriodi, ambayo ni muda wa nguvu kuongezeka mara 2.7 hivi. Piriodi ya sekunde 30 maana yake nguvu inakuwa mara mbili kila sekunde 21, na kutoka wati 1 mpaka kilowati 100 ni kama dakika 6 tu, kwaiyo macho yasitoke kwenye mita kwenda kwenye simu au kwa mgeni. Mmoja anashika fimbo, mwingine anasoma kwa sauti.

Hatua ya 5: Ukiwa kwenye nguvu

Mita za nyutroni hazipimi joto moja kwa moja, zinapima nyutroni zilizofika pale kipimo kilipo. Fimbo zikihama, usomaji unaweza kuhama ata kama nguvu halisi ni ileile. Ndo maana kuna kukalibreti kwa joto: unazima upoozaji, unaweka nguvu isibadilike, unapima maji yanavyopanda joto. Bwawa la tani 20 kwenye kilowati 250 linapanda karibu nyuzi 10.7 kwa saa ukiacha joto linalopotea pembeni. Ukipata 13, basi mita yako inasoma chini ya ukweli, na hilo sio jambo la kungoja kesho.

Hewa iliyopita karibu na kiini inatengeneza agoni-41, nusu-maisha karibu saa 1.8, feni na kipimo cha bomba la hewa viwe vinafanya kazi muda wote. Juu ya bwawa kuna naitrojeni-16 inayotoka kwenye oksijeni ya maji, inaisha haraka maana nusu-maisha yake ni sekunde 7 tu, kwaiyo vile vinyunyizo vinavyovuruga maji juu ya kiini viko pale kuichelewesha isifike juu ikiwa bado kali.

Hatua ya 6: Majaribio ya watafiti

Uliza maswali matatu kabla ya sampuli kuingia. Inabadilisha reaktiviti kiasi gani? Itatoka na mionzi kiasi gani na tusubiri muda gani? Ikipata joto au ikitoa gesi, kichupa kitapasuka? Sampuli iliyofunikwa kadimiamu inameza nyutroni, ukiitoa ghafla riakta ikiwa inaenda ni sawa na kuvuta fimbo, kwaiyo jaribio linaloweza kusogea lina kikomo kikali zaidi kuliko lililofungwa. Mtafiti asipojua kilichomo kwenye sampuli yake, sampuli inabaki nje.

Hatua ya 7: Imezimwa, sasa ndo usimamie zaidi

Baada ya skramu nguvu inaanguka ghafla alafu inashuka taratibu kwa piriodi ya kama sekunde 80, hapo zinatawala nyutroni za kuchelewa kuliko zote. Ikishuka tofauti na hapo, uliza kwa nini.

Ajali mbili kati ya zilizoua watu kwenye riakta ndogo zilitokea riakta ikiwa haiendeshwi kwa nguvu. Tarehe 3 Januari 1961 kule Idaho, Marekani, kwenye riakta ya SL-1, fimbo ya katikati iliinuliwa kwa mkono kama nusu mita wakati wa matengenezo, ilipotakiwa kuinuliwa kama sentimita 10 tu, wakafa watu 3. Mwaka 1983 Buenos Aires, kwenye riakta ya RA-2, opereta alikuwa anabadilisha mpangilio wa fueli maji yakiwa bado kwenye tangi, kinyume na utaratibu, akafa baada ya siku 2. Kwaiyo kuhamisha fueli, kufungua mota ya fimbo, kushika chochote kwenye kiini, vyote vipewe heshima ileile ya kuwasha: utabiri umeandikwa, kipimo cha nyutroni kimewashwa, msimamizi mwenye leseni yupo pale. Na kila mpangilio mpya uthibitishwe kwamba riakta inabaki imezima ata fimbo yenye nguvu kuliko zote ikiwa imekwama juu.

Msimamizi, mabadiliko yoyote ya vifaa au taratibu yapite kwenye kamati ya usalama yenye watu wasiokuwa chini yako kikazi, maana wa chini yako watakubali mambo mengi. Opereta mdogo akibonyeza skramu kwa wasiwasi, mshukuru mbele ya wengine hapohapo, ata ikionekana baadae hakukuwa na tatizo.

Mwisho wa zamu toa ufunguo kwenye konsoli, ufungie kabatini, andika kwenye daftari mahali fimbo zilipokuwa kritikali, jaribio gani limebaki ndani, alamu zipi zililia na kwa nini, alafu saini. Anayekupokea asome na yeye asaini ukiwa bado umesimama pale, ili akiwa na swali akuulize wewe.