Namna ya Kufuatilia Asili ya Kijijini ya Baba wa Msanii Maarufu

Msanii anapopata jina duniani, maisha ya baba yake aliyehamia ugenini humalizwa kwa sentensi moja: alizaliwa katika familia maskini kijijini. Sentensi hiyo haimtendei mzee haki, kwa kuwa haisemi alilima shamba la nani, alichunga mifugo ya nani, wala ni jambo gani lililomtoa nyumbani. Mwandishi wa Kisumu, Siaya, Vihiga au Nakuru anayetaka kuieleza asili hiyo kwa ukweli ana kazi ya kufanya, na inawezekana.

Anza na jina la baba, si jina la jukwaani la mwana. Dean Martin, mwimbaji na mwigizaji wa Marekani, alizaliwa Steubenville, Ohio, mwaka 1917 akaitwa Dino Paul Crocetti. Baba yake, Gaetano Crocetti, alikuwa kinyozi aliyetoka Montesilvano, katika eneo la Abruzzo nchini Italia, na anayemtafuta mzee huyo kwa jina la Martin hatampata kamwe. Orodha za abiria waliopitia Ellis Island, kituo kilichopokea wahamiaji kuanzia 1892 hadi 1954, huonyesha kazi ya abiria na mahali alikotoka. Tangu 1907 huonyesha pia jina la jamaa aliyebaki nyumbani, na jina hilo ndilo litakalokufikisha kijijini. Ukishafika, usieleze utoto wa mzee kwa sura ya mji wa leo. Montesilvano ya sasa ni mji wa ufukweni wenye hoteli nyingi, ilhali kitovu chake cha zamani kiko juu ya kilima.

Kwa mzee aliyetoka kwetu, magharibi mwa Kenya, tofautisha kwanza alikozaliwa na kwao. Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, alizaliwa mwaka 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, alikokuwa akifanya kazi baba yake, lakini kwao ni kisiwani Rusinga na huko ndiko alikozikwa. Familia nyingi za magharibi ziliishi hivyo, kwenye mashamba ya wazungu ya Nakuru, kwenye majani chai ya Kericho au kwenye nyumba za reli, na mtoto akahesabiwa wa mahali ambapo pengine hajawahi kulala.

Kisha tafuta karatasi. Omba kuona kipande cha babu, yaani kitambulisho cha enzi ya ukoloni, kama familia ilikihifadhi. Kuanzia miaka ya 1920 mwanamume Mwafrika alilazimika kukibeba, kikiwa ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni, na ndani yake mliandikwa mwajiri, aina ya kazi na mshahara. Karatasi hiyo moja inaweza kukueleza hali ya nyumba kuliko masimulizi ya siku nzima. Nenda pia kwenye daftari za ubatizo za misheni kongwe, kama vile Maseno iliyoanzishwa 1906 na Kaimosi iliyoanzishwa 1902, na kwenye ripoti za kila mwaka za wilaya zilizomo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa jijini Nairobi.

Lakini kiini cha kazi kiko kwa wazee, na hapa usiwe na haraka. Fika na mtu wa ukoo anayejulikana, salimia, keti, acha mazungumzo yapite kwenye mvua na mifugo kabla ya kutoa daftari. Usimuulize mama mzee kama walikuwa maskini. Atakujibu ndiyo kwa heshima, na hutakuwa umejifunza lolote. Muulize hivi: "Mama, mzee alikuwa mtoto wa nyumba ya ngapi?" Katika boma la wake wengi, mwana wa mwisho wa nyumba ya tatu, yaani ya mke wa tatu, huenda aligawiwa kipande chembamba cha shamba huku ndugu yake wa nyumba kubwa akipata ng'ombe na shamba pana, na mara nyingi hiyo ndiyo sababu halisi ya safari. Uliza nani aliyelipa karo, na ni mnyama gani aliyeuzwa ili ilipwe. Omba uonyeshwe mahali lilipokuwa boma la zamani. Ua wa mnyaa uliozeeka huonyesha mipaka hata baada ya nyumba kuanguka. Habari ya kwamba alikwenda shuleni peku ina uzito mdogo, kwani karibu rika lake lote lilikwenda hivyo.

Wazee wasipokumbuka mwaka, pima kwa matukio: nzige wa mwaka 1931, au vijana waliporudi kutoka vita vya Burma. Safari za masomo za Marekani zichunguze kwa makini zaidi. Ndege ya kwanza ya mpango wa Mboya wa kuwapeleka wanafunzi huko, mwaka 1959, ilibeba wanafunzi 81 tu, ilhali wengi walikwenda kwa njia nyingine. Barack Obama mkubwa, baba wa rais wa zamani wa Marekani, kwa mfano, alifika Hawaii mwaka huohuo bila kupanda ndege hiyo.

Ukimaliza rasimu, rudi uisome kwa sauti mbele ya wenye habari, kwa lugha wanayoielewa vizuri. Yanayohusu madeni, ugomvi wa mashamba na ndoa za walio hai yaondoe wakikuomba. Masimulizi mawili yakipingana, yaandike yote mawili na useme kila moja limetoka nyumba ipi, kisha uwaachie nakala iliyochapishwa.