Kujenga esteti sehemu yenye mandhari nzuri bila kuiharibu hiyo mandhari

Ukishapata ardhi nzuri, iwe pembeni ya ziwa, mlimani au kando ya msitu, haraka inayokushika ni kumwita mpimaji akate ploti. Usianze hivyo, nakuomba. Mtu ananunua kule kwa sababu ya mandhari, na mchoro ukianzia kwenye ploti mandhari inakwisha kabla hata nyumba hazijajaa, afu unabaki unauza nyumba za kawaida zilizo mbali na mji.

Anza kwa kutembea. Zunguka na mtaalamu wa maji, wa udongo na wa miti, na mrudi tena mvua ikiwa inanyesha maana hapo ndo utaona maji yanapita wapi, kiangazi kila bonde linaonekana salama tu. Kila kitu kiwe na ramani yake: vijito na chemchemi, miteremko mikali, udongo unaoporomoka, mapito ya wanyama, miti mikubwa, upande unaotoka upepo. Ziweke zote moja juu ya nyingine, panapobaki peupe ndo pa kujenga. Njia hii aliieneza sana Ian McHarg, msanifu wa mandhari, miaka ya 1960, na kampuni yake ilishiriki kupanga The Woodlands kule Texas, mji uliofunguliwa 1974, ambako maji ya mvua yaliachiwa mikondo yake ya asili na udongo unaonyonya maji ukalindwa.

Sasa mchoro. Randall Arendt, mpangaji wa Marekani, ana hatua nne na mi naziamini kabisa: kwanza chora sehemu ambazo hazitaguswa, pili weka nyumba, tatu ndo barabara na njia za miguu, na mistari ya ploti inakuja mwisho. Wengi tunafanya kinyume chake! Piga hesabu mwenyewe: una hekta 100 na unataka nyumba 200, ukigawa nusu hekta kila mtu ardhi yote imeisha, hata barabara haina pa kupita. Ukitoa ploti za hekta 0.2 umetumia 40 tu, toa na za barabara, bado zaidi ya nusu ya ardhi imebaki wazi na idadi ya nyumba ni ileile, tena mabomba na lami vinakuwa vifupi kwahiyo gharama inashuka.

Ile sehemu nzuri kuliko zote usiuze. Najua dalali atakwambia ndo yenye bei, lakini ukimpa mtu mmoja ukingo wa ziwa umewanyima wengine wote walioko nyuma yake, na bei zao zinashuka. Iwe ya wote. Angalia esteti ya Sea Ranch, pwani ya California, iliyoanza miaka ya 1960 na mpango wa msanifu wa mandhari Lawrence Halprin: nyasi za wazi ziliachwa kuwa mali ya pamoja, nyumba zikasogezwa kwenye safu za miti inayozuia upepo, mapaa yakalazwa kufuata upepo wa bahari na mbao za nje hazikupakwa rangi za kung'aa. Walichokwama nacho ni njia ya wananchi kufika ufukweni, mvutano ambao ulichelewesha ujenzi kwa miaka mingi ya 1970. Kwahiyo kama kuna watu wana njia yao ya kwenda majini, malishoni au makaburini, kaa nao mapema na hiyo njia iingie kwenye ramani, usisubiri mpaka fensi imesimama.

Mlimani, usipandishe nyumba kwenye kigongo. Ishushe chini kidogo ili paa lisivuke mstari wa kilele, hapo mwenye nyumba anaona bonde lote na walioko bondeni bado wanaona mlima. Taa za nje zielekee chini.

Barabara zifuate kontua, yaani mistari ya mwinuko ulio sawa, zizunguke, zisikate mlima. Kanuni za zimamoto sehemu nyingi hazitaki mteremko uzidi asilimia 10 hivi, na lazima pawe na njia mbili za kutoka maana moto wa msitu ukifunga moja watu watakufa ndani, hilo sio la kupunguza hata bajeti ikibana.

Maji yanataka umakini zaidi ya vyote. Kisima kipimwe mwisho wa kiangazi, kipampiwe mfululizo, na uangalie visima vya majirani vinashuka au la. Nyumba zikikaribiana, mtambo mmoja wa kusafisha maji taka ni bora kuliko kila mtu na shimo lake, hasa juu ya ziwa au kwenye mwamba wenye nyufa. Na punguza lami na zege, kwasababu kijito huanza kuharibika pale sehemu isiyopitisha maji inapofika karibu asilimia 10 ya eneo linalokilisha maji.

Jenga kwa awamu, ila mtambo wa maji taka, mitaro na njia za miguu viende na awamu ya kwanza. Kabla hujauza ploti hata moja, zuio la kujenga kwenye ardhi ya pamoja liandikwe kwenye hati yake, chama cha wakazi kisajiliwe, na ada ihesabiwe pamoja na akiba ya kukarabati barabara na kubadilisha pampu, mnunuzi aione hiyo namba kabla ya kusaini.