Kujenga pumzi ya kilima: mwongozo wa wiki 12 kwa waendesha baiskeli wa vijia

Kwa karibu mwaka mzima nilipanda baiskeli mara nne kwa wiki kwenye vijia vilevile. Kila mara nilirudi nyumbani hoi, jasho chapachapa, nikiamini uchovu ule ndio mazoezi yenyewe. Mwaka ulipoisha, kilima kilichonishinda mwezi wa kwanza kilikuwa bado kinanishinda, tena palepale, kwenye kona yenye mizizi. Bidii nilikuwa nayo. Tatizo ni kwamba siku zangu zote zilifanana: sikuwahi kwenda taratibu kiasi cha kuuacha mwili ujijenge, na siku ya kujisukuma ilipofika sikuwa na nguvu zilizobaki za kujisukuma nazo.

Mpango ulio hapa chini umejengwa juu ya kosa hilo. Unahitaji wiki 12, siku tatu au nne kwa wiki, na baiskeli yoyote ya milimani ambayo breki zake zinashika. Kama una ugonjwa wa moyo, presha, maumivu ya kifua, au umekaa miaka bila mazoezi, muone daktari kabla ya kuanza.

Hatua ya 1: Chagua kilima chako cha kipimo

Tafuta mpando mmoja kwenye njia unazozipita, unaokuchukua kati ya dakika 5 na 10. Usiwe na miamba inayokulazimisha kushuka, maana hapa tunapima pumzi na wala si ufundi. Weka alama mbili ambazo hazitahama: mti mkubwa, jiwe, kona.

Pasha mwili moto kwa dakika 15, kisha panda kwa juhudi ambayo unaweza kuishikilia hadi juu. Ukifika, andika daftarini: muda uliotumia, gia uliyomalizia, hali ya njia (kavu au tope), na mahali ulipoweka mguu chini kama uliweka. Ukiwa na saa ya kupima mapigo ya moyo, andika na mapigo. Kesho yake asubuhi, kabla hujatoka kitandani, hesabu mapigo yako kwa dakika nzima. Namba hiyo ya asubuhi utaihitaji sana huko mbele.

Hatua ya 2: Usipigane na baiskeli yako

Nimeona watu wakijilaumu kwa kukosa stamina kumbe kiti kiko chini mno. Kaa kwenye kiti, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa: mguu unapaswa kunyooka. Ukisogeza mguu ili sehemu pana ya mbele ya wayo ndiyo ikae kwenye pedali, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Hicho ni kimo cha kupandia. Kwenye mteremko mkali kishushe ili mwili upate nafasi ya kusogea.

Upepo wa tairi nao uangalie. Tairi lililojazwa kama la barabara ya lami hurukaruka juu ya kila jiwe, na kila ruko ni nguvu yako inayopotea. Anza katikati ya kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, kisha punguza kidogokidogo bila kupita kiwango cha chini kabisa kilichoandikwa hapo, mpaka ulisikie linashika ardhi.

Hatua ya 3: Wiki nne za kwenda polepole

Hii ndiyo hatua wanayoiruka wengi, na ndiyo inayobeba mpango mzima.

Kwa wiki nne za kwanza, endesha kwa mwendo wa kuongea. Sema sentensi ndefu kwa sauti huku unapiga pedali. Ukilazimika kuikata katikati ili uvute pumzi, umepitiliza. Kwa wanaopima mapigo, ni takriban asilimia 60 hadi 70 ya kiwango chako cha juu kabisa. Tahadhari tu na ile hesabu ya 220 kutoa umri: hiyo ni wastani wa watu wengi, na mtu mmoja mmoja anaweza kuipita au kuwa chini yake kwa mapigo 10 au zaidi. Mimi nauamini mdomo wangu kuliko hesabu hiyo.

Kwa nini polepole? Mwendo huu, ukirudiwa kwa saa nyingi, unaufundisha moyo kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Mishipa midogo kabisa ya damu inaongezeka ndani ya misuli. Mitokondria, yale majiko madogo ndani ya seli, yanazidi kuwa mengi, na misuli inajifunza kutumia mafuta ya mwili badala ya kuichoma haraka akiba ya sukari. Mabadiliko hayo hayahitaji uteseke; yanahitaji muda mwingi kwenye pedali, na muda huo huwezi kuupata kama kila siku unarudi umevunjika.

Shida ya vijia ni kwamba havikuulizi. Unakwenda vizuri, ghafla mwinuko unakuja na mapigo yanapaa. Zipo njia mbili: ama uzifanye siku hizi kwenye njia pana za vumbi zisizo na milima mikali, ama ukubali kutumia gia nyepesi kuliko zote na, ikibidi, kushuka na kusukuma baiskeli kwa mguu. Ndiyo, kusukuma. Watakupita watu, wengine watakuuliza kama umepata pancha. Wajibu kwa sentensi ndefu. Kama umeweza, uko kwenye mwendo sahihi.

Ratiba yangu ya wiki hizi ni rahisi: siku mbili za dakika 45 hadi 60, na siku moja ndefu inayoanzia dakika 90. Ile ndefu iongeze dakika 10 hadi 15 kila wiki. Wiki ya nne usiongeze kitu. Punguza jumla ya muda kwa theluthi moja au hata nusu. Mwili hujijenga wakati wa kupumzika, na wiki hii ndiyo unayoupa nafasi hiyo.

Hatua ya 4: Mikono, mgongo na nyonga

Anza hatua hii pamoja na ile ya 3. Nimeitenga kwa sababu watu wakisikia baiskeli hufikiria mapaja tu.

Kwenye mteremko wenye mawe hupigi pedali, lakini ukiangalia mapigo ya moyo utashangaa kuyakuta bado yako juu. Umesimama juu ya pedali, magoti na viwiko vimekunjwa, misuli imekaza ikipokea mitikisiko, vidole viko kwenye breki. Kazi hiyo inachosha kama kupanda. Niliwahi kufika chini ya mteremko mrefu vidole vikiwa vimekufa ganzi, siwezi kuikamata breki sawasawa, na kona iko mbele yangu. Niliishia kichakani. Baiskeli ilipona, mimi nilibaki na mikwaruzo na heshima mpya kwa mazoezi ya mikono.

Mara mbili kwa wiki, dakika 30 zinatosha:

– Kuchutama na kuinuka, mara 10 hadi 12, seti tatu. Ikiwa rahisi, shika mzigo.
– Kupiga hatua ndefu mbele na kushusha goti la nyuma karibu na ardhi, mara 8 kila mguu, seti tatu.
– Pushapu, seti tatu. Simamisha kila seti kabla umbo halijaharibika.
– Kujishikiza kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao, sekunde 30 hadi 60.
– Kutembea na ndoo mbili zilizojaa maji, mabega nyuma, mpaka vidole viombe msamaha. Hili ndilo dawa ya mikono.

Na ukiwa kwenye baiskeli, legeza mshiko. Breki nzuri inahitaji kidole kimoja tu. Vingine vishike usukani. Sehemu kubwa ya uchovu wa mikono inatokana na woga, na woga hupungua ukishusha visigino, ukitazama mbali mbele, na ukiurudia mteremko uleule mfupi mara tano badala ya kukimbilia mpya.

Hatua ya 5: Wiki ya 5 hadi ya 11, ongeza moto

Sasa siku moja kwa wiki iwe ngumu kwelikweli. Baada ya wiki mbili, ukiona unapona vizuri, ziwe mbili, lakini zisifuatane. Siku nyingine zote zibaki polepole kama mwanzo. Hapa ndipo utakaposhawishika kurudia kosa langu.

Siku ngumu ya kwanza: vipande vinne vya dakika 4, kwenye mpando usio na vikwazo. Nenda kwa juhudi ambayo huwezi kutamka zaidi ya neno moja au mawili. Katikati ya vipande, shuka taratibu kwa dakika 3. Kipande cha nne kikichukua umbali mfupi sana kuliko cha kwanza, ulianza kwa pupa.

Siku ngumu ya pili ni ya mifyatuko: sekunde 30 kwa nguvu, sekunde 30 kwa ulaini, mara 8, upumzike dakika 5, kisha urudie. Kijia ndivyo kilivyo. Kuna mzizi wa kuruka, kuna kijiwinuko cha ghafla baada ya kona, halafu unatakiwa upate pumzi huku bado unaendesha.

Unapopanda, badilisha gia kabla ya mwinuko. Ukingoja hadi mguu ukwame, mnyororo unapiga kelele na wewe unasimama. Sogea kwenye ncha ya mbele ya kiti, shusha kifua, viwiko vielekee chini. Gurudumu la mbele likinyanyuka, umekaa nyuma mno. La nyuma likiteleza, umeegemea mbele mno. Zungusha pedali kwa mviringo mlaini. Ukizikanyaga kwa mapigo mazito, tairi la nyuma litachimba udongo.

Wiki ya 8 iwe ya kupunguza, kama ile ya 4.

Hatua ya 6: Kula, kunywa, kulala

Akiba ya wanga mwilini inatosha takriban dakika 90 hadi saa mbili za kazi ngumu. Safari ikizidi saa moja na nusu, kula gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, na anza kabla hujasikia njaa. Ndizi moja ya wastani ina karibu gramu 27. Maji kunywa kidogokidogo njiani. Kwenye jua kali na jasho jingi, ongeza na chumvi kidogo.

Usingizi sina la kuongeza, unajua mwenyewe unapojidanganya. Ila ile namba ya asubuhi itakusaidia: mapigo yakiwa juu kuliko kawaida kwa siku mbili tatu mfululizo, miguu mizito, hamu ya kula imepotea na kila mtu anakuudhi, futa siku ngumu. Pumzika, au endesha nusu saa ya ulaini.

Hatua ya 7: Rudi kwenye kilima

Mwisho wa wiki ya 4, ya 8 na ya 12, baada ya siku mbili za mapumziko, panda tena kilima chako. Alama zilezile, tairi na upepo uleule, na kadiri inavyowezekana hali ileile ya njia.

Usitazame muda peke yake. Muda uleule kwa mapigo ya chini zaidi ni maendeleo. Gia nzito zaidi kwa pumzi ileile ni maendeleo. Kipimo cha wiki ya 4 mara nyingi hakionyeshi tofauti kubwa ya muda, na hapo ndipo wengi wanapotupa mpango. Mimi mwenyewe wiki ya 4 nilipunguza sekunde chache tu. Wiki ya 12 niliipita ile kona ya mizizi nikiwa nimekaa kwenye kiti, na bado nilikuwa na gia moja nyepesi ambayo sikuwa nimeigusa.