Boriti ya tangi la maji kwa kikokotoo cha bure: tunaanza na kalamu, tunamaliza na uzi

Kazi ninayoletewa zaidi hapa Tororo, Uganda, ni majukwaa ya matangi. Bomba likikauka siku mbili, mteja anakuja na mchoro nyuma ya risiti: "Fundi, nina tangi la lita elfu tano, nataka likae juu mita tatu. Chuma gani?" Wazee walionifundisha walijibu kwa jicho, na jicho lao lilikuwa zuri. Langu halijafika huko, kwa hiyo natumia simu. Vikokotoo vya boriti vya bure vipo vingi mtandaoni, SkyCiv na ClearCalcs wanavyo, na kwa kazi ya ukubwa huu vinatosha. Nitaifanya hesabu nzima hapa kwa tangi hilohilo.

Hatua ya 1: Funga simu, andika uzito

Lita moja ya maji ni kilo moja. Maji kilo 5,000, tangi tupu la plastiki nakadiria kilo 100, chuma cha juu pamoja na mbao kilo 250. Jumla kilo 5,350. Zidisha kwa 9.81, gawanya kwa 1,000, unapata kilonyutoni (kipimo cha nguvu) 52.5.

Jukwaa langu ni mita 2 kwa mita 2, lina boriti kuu mbili, na juu yake vyuma vidogo vya kukatiza vilivyopangwa karibukaribu. Kila boriti kuu inabeba nusu: kilonyutoni 26.2. Kila mguu, kati ya minne, unabeba 13.1. Izungushie duara hiyo 13.1, tutairudia.

Hatua ya 2: Pata jibu lako kabla ya jibu la mashine

Mzigo ukienea sawasawa kwenye boriti iliyolala juu ya nguzo mbili, momenti (nguvu ya kuipinda boriti) katikati ni mzigo wote mara urefu, gawanya kwa 8. Hapa: 26.2 × 2 ÷ 8 = kilonyutoni-mita 6.6.

Lakini tangi ni la mviringo. Kipenyo chake ni kama mita 1.8, na tumbo la duara limekaa katikati ya jukwaa, pembeni hakuna kitu. Kwa hiyo mzigo haujaenea sawasawa, umesongamana katikati. Mimi nauweka wote kwenye mita 1.5 za kati: 26.2 ÷ 1.5 = kilonyutoni 17.5 kwa kila mita. Momenti inakuwa 13.1 × (1 − 0.375) = 8.2; ile 1 ni mita kutoka mguu hadi katikati, 0.375 ni robo ya zile 1.5. Ni robo zaidi ya ile ya kwanza, na hakuna kikokotoo kitakachokuuliza kama tangi lako ni la mviringo.

Hatua ya 3: Sasa fungua kikokotoo

Kwanza vipimo. Kurasa nyingi zimetengenezewa Wamarekani, zinafunguka kwa futi na pauni. Badilisha ziwe mita na kilonyutoni kabla hujaandika namba hata moja, kwa sababu kurasa nyingine ukibadilisha baadaye zinageuza na namba ulizokwisha kuandika, na nyingine zinaziacha vilevile.

Urefu: 2. Mzigo wa kuenea: 17.5, kuanzia mita 0.25 hadi mita 1.75.

Kisha maegemeo, na hapa nenda polepole. Ukurasa utakupa picha ndogo tatu: pembetatu, duara au pembetatu yenye magurudumu, na ukuta wenye mistari ya mshazari. Pembetatu inashikilia lakini inaruhusu boriti kugeuka kidogo pale mwisho. Magurudumu vivyo hivyo, ila yanaruhusu na kuteleza. Ukuta hauruhusu chochote. Boriti iliyokalishwa juu ya mguu na kupigwa weldi mbili tatu si ukuta. Chagua pembetatu upande mmoja, magurudumu upande wa pili.

Nasema hivi kwa sababu nilishalipia. Kazi zangu za mwanzo, nilichagua ukuta pande zote mbili. Niliona nimechoma weldi vizuri, basi nikajiambia imekazwa. Tena nikaeneza mzigo kwenye mita zote 2. Kikokotoo kikanipa momenti ya 4.4, nikachagua boriti ya I ya milimita 100, nafuu, mteja akafurahi. Tulipojaza maji, mke wa mteja ndiye aliyesema, "Mbona imecheka?" Nikavuta uzi chini yake: karibu milimita 10. Tukamwaga maji yote, na boriti haikurudi ilipokuwa. Nilinunua chuma kingine kwa pesa yangu. Mashine haikukosea hata desimali moja. Iliniambia ukweli kuhusu boriti ambayo sikuwa nimeijenga.

Hatua ya 4: Chagua chuma

Chuma unachokuta dukani mara nyingi hakina cheti. Mimi nakichukulia kuwa cha daraja la chini, la 235 (huanza kulegea kwa nyutoni 235 kwa kila milimita ya mraba), na siruhusu mkazo, yaani nguvu kwenye kila milimita ya mraba, upite nyutoni 140. Gawanya momenti kwa mkazo: 8,200,000 ÷ 140 = milimita za ujazo 58,600, yaani sentimita za ujazo 58.6. Kwenye jedwali la vyuma tafuta safu ya W, uwezo wa umbo la chuma kubeba momenti (vitabu vingine huandika Z), upate namba iliyo juu ya hiyo.

IPE 100, yaani boriti ya I ya kimo cha milimita 100, ina 34.2. IPE 120 ina 53.0, bado. Chaneli UPN 120 ina 60.7, inapita kwa nywele, lakini chaneli ikibebeshwa juu huwa inataka kujisokota kwa sababu mgongo wake uko upande mmoja. Nachukua IPE 140: W ni 77.3, uzito kilo 12.9 kwa mita. Boriti kuu mbili ni mita 4 tu. Tofauti ya kilo na IPE 120 ni kama 10 kwa kazi nzima, sibishani nayo.

Kwenye kikokotoo weka E, ugumu wa chuma chenyewe, nyutoni 210,000 kwa kila milimita ya mraba, na I, ugumu unaotokana na umbo, ambayo kwa IPE 140 ni sentimita 541 kwa kipeo cha 4. Kama kisanduku kinataka milimita, ni 5,410,000. Ukiandika 541 pale, utaambiwa boriti ya mita 2 imebonyea mita 30. Kosa hilo ni rafiki, linajitangaza lenyewe.

Hatua ya 5: Soma namba tatu

Nguvu kwenye kila egemeo iwe 13.1. Isipokuwa 13.1, usisome kingine, rudi hatua ya 3. Momenti ya juu kabisa iwe 8.2. Kubonyea katikati kuwe karibu milimita 3. Kikomo ninachotumia ni urefu gawanya kwa 360, yaani milimita 5.6. Tumepita.

Rudia kwenye kikokotoo cha pili kutoka tovuti nyingine, ukiandika namba upya kutoka kwenye karatasi yako.

Hatua ya 6: Yale ambayo kikokotoo cha boriti hakioni

Upepo. Chukua upepo wa mita 30 kwa sekunde, ule unaotangulia mvua. Unasukuma kama nyutoni 550 kwa kila mita ya mraba. Kwa tangi la upana wa 1.8 na urefu wa 2, ukipunguza kwa sababu ya mviringo, ni nyutoni 1,400 hivi. Tangi likijaa halisikii kitu. Likiwa tupu lina kilo 100, na upepo huo unalipindua waziwazi. Kwa hiyo lifungwe kwa waya au mikanda ya chuma, na miguu ifungwe kwa bolti kwenye zege, isisimamishwe juu ya tofali. Miguu pia inataka vyuma vya mshazari. Mguu mwembamba wa mita 3 hukatika kiuno kabla haujapondeka.

Kama unajenga Fort Portal au Bundibugyo, kuna ardhi nayo. Toro, eneo hilo la magharibi, ilitikiswa vibaya na matetemeko mwaka 1966 na tena 1994, na tani tano za maji juu ya miguu minne ni kichwa kizito kwenye shingo nyembamba. Huko sijengi bila mhandisi.

Hatua ya 7: Pampu, kwa kifupi

Maji yapande kwenye tangi yanataka pampu, na pampu inataka waya wa kutosha. Vikokotoo vya nyaya navyo vina asili ya ugenini: vinaanza na volti 120 na hezi 60. Weka 240 na 50. Pampu ya kilowati 1.1 huvuta ampea 8 hivi. Kwenye waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba kwa mita 60, unapoteza karibu volti 7, asilimia 3. Sawa.

Ukitaka sola, PVGIS ya Tume ya Ulaya ni bure na inafika Afrika. Bonyeza mahali pako kwenye ramani, kisha punguza mwinuko wa paneli, maana ule unaoukuta umewekewa watu wa Ulaya. Sisi ikweta inatupitia pale Kayabwe, Uganda hiihii. Digrii 10 zinatosha, na hizo ni za kusaidia mvua ioshe vumbi. Kumbuka kwenye PVGIS sifuri ya mwelekeo ni kusini.

Hatua ya 8: Hifadhi

Piga picha ya skrini yenye namba ulizoingiza, siyo jibu peke yake. Toleo la bure mara nyingi halikuachii ripoti, na bando likiisha ukurasa umepotea. Kazi ikiwa ya shule, zahanati au jengo linalohitaji kibali, picha hizo pamoja na karatasi yako zinakwenda kwa mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Wa kwetu hunitoza kidogo kwa sababu anakuta kazi imeshapangwa.

Hatua ya 9: Uzi

Kabla ya maji, vuta uzi chini ya boriti kutoka mwisho hadi mwisho, pima nafasi ya katikati, andika kwa chaki kwenye chuma chenyewe. Jaza nusu, pima. Jaza lote, acha lilale usiku mmoja, pima asubuhi. Kwa hesabu yetu maji peke yake yanapaswa kushusha boriti milimita 2.8. Ukisoma 3, mwite mteja aje kulipa. Ukisoma 5, fungua koki ya chini kwanza, halafu ndiyo utafute karatasi.